Usishike Ukuta

Alama ya kwanza Bhoke alidhani ni yake. Miezi sita ya kutembea huku ameshika ukuta, kama mlevi aliyefukuzwa kilabuni, ilikuwa imeacha mstari mweusi wa jasho kwenye plasta, usawa wa bega, kutoka kitandani hadi mlangoni. Lakini hii ilikuwa juu sana, karibu na dari. Na vidole vilikuwa virefu mno.

"Raphael, huku juu umepaka uchafu wewe?"

Mumewe hakuinua macho kwenye simu. "Kwa urefu gani, Mama Salome? Mimi twiga?"

Kizunguzungu kilianza masika, alipougua sikio akatapika siku tatu. Sikio likapona. Sakafu ikagoma kupona. Msomi wa takwimu, GPA four point one, barua za maombi ya kazi sitini na tatu, majibu mawili, yote "we regret". Halafu hata kazi ya kupima mchele pale soko la Kahama ikamshinda, kwa sababu kila akigeuza kichwa dunia iligeuka naye. Nchi ilimnyima ajira. Sasa hata ardhi ilimnyima pa kusimama.

Mama mkwe wake, Febronia, alikuja kutoka Ushirombo na rozari mkononi na hukumu mdomoni.

"Hilo jini la mashimoni. Mwanangu anauza vipuri vya karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, limemfuata kwenye udongo wa viatu. Siku moja utamwangusha mtoto. Mvua ya kwanza ikinyesha, Salome naondoka naye."

"Mama, huyu ni mwanangu."

"Basi mbebe. Toka hapo kitandani hadi mlangoni. Bila ukuta."

Bhoke akambeba. Hatua ya pili chumba kikapinduka, mkono ukakimbilia ukutani wenyewe. Febronia akampokea mjukuu wake, akamfunga mgongoni. Angetukana ingekuwa afadhali.

Siku hiyohiyo, saa saba mchana, jua likipasua mabati na nyumba nzima ikiwa kimya, Bhoke alikuwa anajivuta kwenda kunywa maji aliposikia nyuma yake shraa, kiganja kikiburuzwa kwenye plasta. Akasimama, nacho kikasimama. Akasogea, nacho kikasogea, na harufu ya udongo mbichi wa shimoni ikamjia kisogoni, baridi, kwenye joto lile, na kadiri alivyoukumbatia ukuta ndivyo sauti ile ilivyozidi kukaribia, mpaka akahisi vidole virefu vikijipanga taratibu juu ya vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika.

Kesho yake alikwenda hospitali. Mtaalamu wa mazoezi tiba, Ansgar, alimuuliza kwanza kama nyumbani wanachoma zebaki ya kusafishia dhahabu. Hawachomi. Akampima macho, masikio, mwendo.

"Dada, sikio limepona zamani. Kilichobaki ni woga. Unaogopa kuanguka, unashika ukuta. Ubongo unaona umeshika, unasema kumbe kuna hatari, unakuzungusha zaidi. Vinalishana."

"Kwa hiyo nimechizi? Just say it."

"Hapana. Kizunguzungu chako ni cha kweli. Na kinatibika, ila polepole." Akamwonyesha: kutazama kidole gumba huku akigeuza kichwa, kupumua taratibu, kutembea katikati ya chumba kila siku, na kizunguzungu kikija asikikimbie. Kila Alhamisi aje waongee kuhusu huo woga.

"Na ile mikono mingine ukutani?" Bhoke alinong'ona.

Ansgar alifunga faili. "Mikono sijaisomea. Lakini dawa ni ileile. Usishike."

Wiki sita. Alianguka, alitapika, alimtukana Ansgar kwa Kikurya. Wiki ya tano alivuka chumba mara mbili, mikono mitupu.

Mvua ikanyesha Jumanne asubuhi. Febronia akafunga begi.

"Mlete mtoto."

Bhoke akamwinua Salome, akasimama katikati ya chumba. Sakafu ikainama. Shraa, ukuta wa kushoto. Shraa, ukuta wa kulia. Na alama nyeusi zikaanza kujichora zenyewe kwenye plasta, moja mbele ya nyingine, sambamba na hatua zake, zikimngoja, zikimbembeleza ashike kidogo tu, na harufu ya shimo ikajaa puani na mtoto akawa mzito kama kiroba cha mawe, naye akahesabu pumzi, akageuza kichwa kushoto, kulia, akaiacha dunia izunguke itakavyo, akatembea.

"Yesu na Maria!" Febronia alikuwa ameziona. Akarudi nyuma. Akaegemea ukuta, kiganja wazi.

Bhoke akatoka nje, mvua ikampiga usoni. Nyuma yake kukawa kimya.

Febronia alipanda basi peke yake. Raphael akapaka chokaa, na chokaa ikabaki nyeupe. Kizunguzungu kilikuja siku mojamoja. Bhoke alikiacha kipite.

Wiki ya pili Febronia akapiga simu, sauti chini.

"Mama Salome... sakafu inayumba."

"Shikamoo, Mama. Umeshika nini?"

"Simu. Na ukuta."

"Uachie ukuta. Sasa hivi. Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

Bhoke akasikiliza. Shraa, kiganja kimoja. Halafu, kwa utaratibu kabisa, shraa. Cha pili.