Jina Langu Kwenye Orodha ya Elkanah

— Lynette, punguza sauti. Majirani wanasikia.

— Wasikie! Nataka wasikie!

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha Elkanah kule Amalemba, saa saba mchana, bado nimevaa koti langu jeupe la kazini. Mkononi nilishika karatasi mbili: barua aliyoandikiwa Priscah, mkunga wa kituo chetu, na picha iliyobanwa nyuma yake. Mimi si mtu wa kupaza sauti. Kituoni kwetu, upande wa Buyangu, wagonjwa huniambia, "Daktari, ongea kidogo kwa nguvu." Lakini siku hiyo hata fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliacha nyundo yake akatazama.

— Hii ni nini, Elkanah?

Akaichukua ile picha. Akaitazama sana.

— Ni skrini ya kompyuta yangu, akasema polepole.

— Nisomee namba kumi na mbili.

— Lyn...

— Soma!

— Priscah Nafula. Alama ya kijani. Saa tano na dakika kumi na mbili.

— Sasa sikiza barua. "Siku ya Alhamisi uliacha zamu yako katika wodi ya uzazi ukaenda kwenye maandamano, ambako ulikuwepo saa tano na dakika kumi na mbili. Fika mbele ya kamati ya nidhamu Jumatano saa tatu asubuhi, ueleze kwa nini kandarasi yako isikatizwe." Elkanah, orodha hii unaionanga wewe peke yako. Imefikaje kwa ofisi ya afya ya kaunti?

Akakaa kitandani.

Baba yangu amekata miwa Musanda kwa miaka thelathini. Bima mpya ya afya ilipoanza, mashine ilimwambia aweke kidole. Ikamkataa. Akaweka kingine. Ikamkataa. Miwa ilikuwa imemlamba alama zote za vidole, na mashine haikumjua kuwa ni mtu. Alirudishwa nyumbani na nimonia yake. Walirudishwa wengi kama yeye, na ni sisi wafanyakazi wa kandarasi wa vituo vya afya tuliotumwa kuwaambia warudi nyumbani. Ndiyo maana tukaingia barabarani.

Elkanah akatutengenezea app, akaiita Tukutane. Unajiandikisha jina, namba na kituo chako, kisha unapata ujumbe: leo tunakutana Muliro Gardens, barabara fulani ina polisi, fulani amekwama hana usafiri. Watu waliogopa kuandika majina yao. Ni mimi niliyewaambia, "Msiogope, ni ya Elkanah wangu." Wakajiandikisha thelathini na saba, nami nikiwa mmoja wao.

Naye nilimwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe. Tangu amalize masomo ya kompyuta katika chuo cha Sigalagala alikuwa amekataa kazi mbili za kuajiriwa. "Sitaki mtu wa kuniambia nitengeneze nini," alikuwa akisema. "Hapa mimi ndiye bosi, fundi na mfagiaji. Nikikosea, nimekosea mwenyewe." Nilipenda kumsikia akisema hivyo.

— Jibu, Elkanah.

— Niliwaonyesha.

— Nani?

— Watu wa ofisi. Jumatatu baada ya maandamano. Nilipeleka ile app yangu ya foleni za wagonjwa ili wainunue, wakaniuliza kama nimewahi kutengeneza kitu kinachotumiwa na watu kweli. Nikafungua Tukutane.

— Na yale majina yako ya majaribio? Tyson wa Kwanza, Tyson wa Pili? Si ulinifundisha kwamba fundi haonyeshi mtu app ikiwa na majina ya watu halisi?

— Akina Tyson hawabonyezi kitu, Lyn. Ukiwaonyesha watu akina Tyson wanaona umechora picha tu. Nilitaka waone inaishi.

— Nani alipiga picha?

— Kuna mmoja pale anaitwa Osundwa. Alisema anataka kumwonyesha mkubwa wake.

— Na wewe ulifanya nini alipotoa simu?

Elkanah akaangalia sakafu.

— Nimekuuliza!

— Taa ilikuwa inang'aa kwenye skrini. Nilimshikia kompyuta, nikaiinamisha kidogo ili picha itoke vizuri.

Nikashika mlango.

— Ulimshikia.

— Sikufikiria...

— Wewe usiyetaka bosi! Hujaajiriwa na mtu na tayari unawashikia!

— Lyn, nisikilize. Priscah hata hakuandamana. Ile alama ya kijani haimaanishi kwamba mtu amefika. Inamaanisha simu yake imepokea ujumbe. Basi.

— Najua hakuandamana! Alikuwa wodini na mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Lakini kitabu cha uzazi kinasema mtoto alizaliwa saa nne na nusu, na ofisi inasema baada ya hapo alitoroka. Ni wewe tu unayeweza kueleza hiyo alama. Utakuja Jumatano.

Akaanza kuikunja ile picha.

— Mkataba wa app ya foleni unatiwa sahihi Ijumaa, akasema. Mbele ya watu walewale. Nikisimama pale Jumatano, umekwisha. Nipe mpaka Jumatatu, nitawaeleza pembeni.

— Jumatatu Priscah hatakuwa na kazi.

— Akifutwa nitamtafutia kitu kwangu. Nitahitaji mtu wa kupokea simu.

— Priscah ni mkunga, Elkanah! Nusu ya watoto wa Buyangu wameshikwa kwanza na mikono yake! Unataka akupokelee simu?

Nikatoka. Fundi viatu akaniambia, "Pole, dada."

Jioni ile nilienda kwa Priscah. Nilimkuta akichambua mboga mlangoni. Ananizidi miaka kumi na tano. Ndiye aliyenifundisha kushona kidonda bila kumtazama mgonjwa kwa huruma nyingi mpaka aogope. Nikamwambia kila kitu, tangu ile kompyuta mpaka ile Ijumaa. Nilikuwa nikilia.

— Umemaliza? akaniuliza.

— Ndiyo, dada.

— Mimi sikumpa Elkanah jina langu. Nilikupa wewe. Yeye simjui, namwonanga tu akikuletea mandazi.

— Najua. Nisamehe.

— Usinililie, mdogo wangu. Machozi ninayo yangu. Jumatano nataka mtu wa kusema. Utasema?

— Mbele ya kamati?

— La, mbele ya hizi mboga. Mbele ya kamati, Lynette!

— Nitasema.

Usiku nikamtumia Elkanah ujumbe: "Jumatano saa tatu. Sitakuomba tena."

Akajibu: "Ijumaa ndiyo maisha yangu yote, Lyn."

Sikumwandikia neno lingine. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Ndugu zangu, majina yetu yalionyeshwa ofisini na Elkanah. Mimi ndiye niliyewaambia mjiandikishe. Mnaweza kunitukana." Wakanitukana. Winrose wa Mumias, ambaye hajawahi kukosa kunisalimia asalaam aleikum, aliandika neno moja tu: "Lynette." Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatano kamati ilikuwa ya watu watano, nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Madam Dorothy, mama mzito mwenye miwani. Osundwa alikaa pembeni na faili. Priscah alisimama katikati, amenyooka kama mtu anayepimwa urefu.

— Unakubali kwamba jina lako limo kwenye orodha hii? akauliza Madam.

— Ni langu.

— Unakubali alama na saa iliyo hapa?

— Saa hiyo nilikuwa wodini nimezuia damu ya mwanamke kwa mikono miwili. Orodha ingekuwa na mikono ingenisaidia.

— Jibu swali, sista.

— Ndilo jibu, Madam.

Nikainua mkono.

— Naomba kusema. Alama ya kijani haionyeshi mtu alikuwa wapi. Inaonyesha kwamba simu imepata ujumbe.

— Wewe ndiye uliyetengeneza hiyo app? akauliza Osundwa.

— La.

— Umesomea kompyuta?

— La. Mimi ni tabibu.

— Basi tabibu atuachie mambo ya kompyuta.

Kuna mtu mezani akacheka. Sikukaa.

— Na wewe Bwana Osundwa, umesomea? Ulipiga picha kitu usichokielewa, ukakibandika kwenye barua ya kumfuta mtu kazi. Mimi nikimpa mgonjwa dawa kwa kukisia hivyo, mngeniita hapa leo hii. Mmetuma watu nyumbani kwa sababu mashine haikuona vidole vyao. Sasa mnamfuta mkunga kwa sababu mashine imeona simu yake. Lini mtamwangalia mtu mwenyewe?

— Daktari Lynette, keti! akasema Madam Dorothy.

— Sitaketi.

Hapo mlango ukafunguliwa. Elkanah. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, kompyuta iko kwapani.

— Wewe ni nani? Hiki ni kikao cha ndani.

— Elkanah Shitanda, Madam. Hiyo orodha ni yangu.

Osundwa akafunga faili haraka.

— Shitanda, mkataba wako uko kwenye meza yetu Ijumaa, akasema kwa sauti ya chini. Fikiria vizuri.

— Nimefikiria, mzee. Niko hapo nje tangu saa mbili unusu, nafikiria tu. Madam, naomba simu yako kwa dakika moja. Jiandikishe hapa. Jina lako na kituo.

Sijui kwa nini alikubali. Labda alichoka na kelele. Akaandika kwa kidole kimoja. Elkanah akabonyeza kitu, simu ya Madam ikalia mlio mfupi mezani. Elkanah akaigeuza kompyuta ili wote waone. Mwisho wa orodha palikuwa na jina: Dorothy, alama ya kijani, saa tatu na dakika hamsini.

— Kwa mujibu wa orodha hii, Madam, sasa hivi uko kwenye maandamano.

Hakuna aliyecheka. Madam Dorothy akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamgeukia Osundwa.

— Ulisema umethibitisha.

— Madam, kijana huyu alituonyesha mwenyewe...

— Ndiyo, niliwaonyesha, akasema Elkanah. Majina ya watu walioniamini. Osundwa alipopiga picha, mimi nilimshikia kompyuta. Sista Priscah hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Alisema hayo akimtazama Priscah, si mimi. Barua ikafutwa kabla ya saa sita. Mkataba wa Elkanah haukufika hiyo Ijumaa.

Nje, Priscah alinikumbatia mpaka mgongo ukalia, kisha akaondoka kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza. Elkanah akabaki amesimama karibu na ukuta. Nilijua anasubiri nini. Mikono yake ilikuwa tayari.

— Usinisogelee.

— Lyn, nimekuja. Nimepoteza kila kitu.

— Umepoteza mkataba. Usiniambie mimi kuhusu kila kitu.

— Nifanye nini, basi?

— Umemwambia ukweli mtu mmoja kati ya thelathini na saba. Waliobaki umewaacha walale wakingoja barua. Nenda kwao. Si kwa simu, si kwa app. Nenda kituo kwa kituo, umtazame kila mmoja usoni, umwambie ulichofanya na jina lake.

— Wengine wako Lugari!

— Lugari haijahama.

Nikamwacha hapo.

Siku ya tatu ujumbe ulianza kuingia. Kimutai wa Lugari: "Jamaa yako amefika. Nimemfukuza. Bado amesimama getini." Baada ya saa mbili: "Bado yuko. Mvua inanyesha. Nimemsikiliza kisha nikamfukuza tena." Winrose wa Mumias: "Asalaam aleikum, Lynette. Amekuja, amesema yote, hajajitetea. Mimi bado sijamsamehe. Wewe nimekusamehe." Nilisoma huo mara nne. Mwingine akaandika kwamba Elkanah amefuta majina yote na kwamba app sasa inatuma ujumbe bila kujua inamtumia nani. Akaongeza: "Maandamano ya Alhamisi yako pale pale."

Mimi hakunijia, wala sikumpigia.

Wiki ya tatu, siku ya kliniki, niliita mgonjwa anayefuata, akaingia Elkanah. Amekonda. Viatu vimejaa udongo mwekundu. Alikuwa amepanga foleni kama watu wengine tangu asubuhi.

— Unaumwa nini? nikauliza bila kuinua macho.

— Siumwi. Nimekuja kwa Lynette. Jina la thelathini na saba.

Kalamu ikasimama.

— Sema ulichokuja kusema.

— Nilichukua jina lako, namba yako na kituo chako, nikawaonyesha watu niliotaka wanisifu. Sikukuuliza. Kisha ulipokuja kunililia kwa ajili ya Priscah, nikahesabu siku mpaka Ijumaa. Hilo la pili ni baya kuliko la kwanza. Sina kingine.

Nilingoja aongeze "lakini". Hakuongeza.

— Wale wengine walikuambia nini?

— Walinitukana. Mama mmoja alinipa chai kwanza, ndipo akanitukana. Alisema hawezi kumtukana mgeni mwenye njaa.

Nilikaribia kucheka. Nikajizuia kwa nguvu zangu zote.

— Mimi bado nina hasira, Elkanah.

— Najua.

— Hujui. Ninazo nyingi, na sijawahi kuzisema zote kwa mtu. Zitachukua muda.

— Nina muda.

— Basi nenda ukae pale kwenye benchi. Nikimaliza wagonjwa, nitakuja nianze.

Akatoka. Kupitia mlango nikamwona akikaa kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na mzee mwenye mguu uliovimba. Mzee akamuuliza, "Na wewe kijana unaumwa wapi?" Akajibu, "Nasubiri daktari tu, mzee wangu."

Wagonjwa walikuwa tisa. Nikamwita wa kwanza, nikamkalisha, nikamuuliza habari za nyumbani, nikampima pole pole. Sikumharakisha hata mmoja.