Sahihi ya Pili

Mwanamke aliyevaa viatu vya visigino virefu hana sababu ya kubeba kiti cha ofisi kichwani, tena asubuhi, wakati mtaa wa mafundi samani umejaa watu na mikokoteni. Huyu alikibeba. Sketi yake ya buluu ilikuwa imenyooshwa pasi ikanyooka, blauzi nyeupe, kitambaa cha manjano shingoni, na juu ya urembo wote huo kiti cha magurudumu, miguu juu. Alitembea kwa maringo utadhani ndiyo mitindo ya mwaka huu, na watu wakampisha.

Asiyempisha alikuwa kijana mmoja aliyekuwa akirudi kinyumenyume, akivuta kochi kulitoa karakanani. Mgongo wake ukamgonga mwenye kiti. Gurudumu moja likachomoka, likabiringika mpaka mtaroni.

"We kaka, macho yako umeyaweka wapi?"

"Mbele, dada. Ndiyo maana nyuma sijaona."

"Na bosi wangu sasa atakalia nini?"

Kijana alikitazama kiti, kisha akamtazama mwenye kiti, na hapo akachukua muda zaidi. "Bosi wako ana gari?"

"Analo."

"Halafu kiti chake unakibeba wewe kichwani?"

"Mimi nikipewa kazi naimaliza," alijibu, kidevu juu. "Utakitengeneza, au tuendelee kuhojiana?"

Alikitengeneza. Alikuwa fundi makochi, mwenye vumbi la mbao kwenye kope na sindano kubwa iliyochomekwa kwenye kola ya shati. Alimkalisha mgeni wake kwenye kochi ambalo halijavikwa kitambaa, akainama kazini, na muda wote huo hakufunga mdomo.

"Unanidai nini, fundi?"

"Namba ya simu. Kiti kikisumbua nipate habari."

"Kiti hakina simu."

"Aliyekibeba anayo."

Akacheka, na akishacheka mwanamke kama yule, kazi imekwisha. Tangu siku hiyo yeye akawa Bi Kiti, na kijana akawa Fundi, na simu zao hazikupoa.

"Haloo, Bi Kiti. Mgonjwa wangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia. Bosi ndiye anayumba."

"Na wewe umekaaje, laazizi?"

"Mimi nimesimama. Namsubiri mtu aniletee kochi la watu wawili."

"Fremu nimeshaikata. Usije ukamkalia mwingine!"

Alasiri moja ya Jumapili Fundi alimwonyesha karakana yote: meza ndefu ya kukatia vitambaa, nyundo ya mbao ya marehemu baba yake, ukuta uliojaa vipimo vya penseli. Mzee alifiwa na mke mapema, akawalea humo watoto wawili. Mkubwa alikuwa binti, naye ndiye aliyempikia na kumfulia mdogo wake wakati yeye mwenyewe bado mtoto. Mzee alipofariki ukatokea wosia unaompa Fundi karakana nzima. Dada Mkubwa, ambaye alikuwa safarini baba alipofariki, alikwenda moja kwa moja mahakamani kusema mdogo wake ameghushi.

"Sitaki kumshinda dada," Fundi alisema. "Yule ndiye mama yangu niliyemjua. Nataka ajue sikumwibia. Niitwe fukara, niitwe mjinga, lakini si mwizi."

Bi Kiti alimshika mkono, akajivunia kuwa wa mtu wa namna hiyo. Hakuuliza wosia uliandikwa na wakili gani. Makaratasi yote Fundi alimwachia wakili wake kijana, na yeye Bi Kiti kazini kwake alipaita ofisini na mkubwa wake akamwita Bosi, basi. Katika mapenzi mapya, nani ana haja ya kujua bosi anaitwa nani?

Siku ya siku tarishi wa mahakama alimkuta Bi Kiti mezani kwake, katika ofisi ya mawakili alikokuwa karani, akamkabidhi hati ya kuitwa shahidi. Aliisoma mara moja tu. Marehemu aliyetajwa alikuwa baba yake Fundi.

Ikamrudia yote. Alikuwa bado mgeni kazini. Bosi aliingia akihema, ametoka hospitali kwa mteja mahututi, akamwekea karatasi mbele. "Tia sahihi hapo, shahidi wa pili. Mzee ameshasaini, mimi nimeona." Sheria inataka mashahidi wawili waliomwona mwenye wosia akitia sahihi, la sivyo wosia hauna nguvu. Bi Kiti hakuona kitanda wala mgonjwa. Alisaini huku anapokea simu, akaendelea na kazi zake.

Akaingia kwa Bosi bila kubisha hodi.

"Utasema ulikuwepo," Bosi alimwambia, akijizungusha kwenye kile kiti. "Mimi nimeshapeleka kwa jaji kiapo cha maandishi kwamba tulikuwa wote."

"Lakini sikuwepo, bosi."

"Sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi ulikuwepo. Na ukiniangusha, binti, tutaanguka wote. Mimi nitaangukia godoro. Wewe je?"

Alitoka pale mbio kwa Fundi, na njiani shetani akamtia neno. Siku ile ya kiti, katika mtaa mzima, mbona aligongana na huyu huyu?

Fundi alikuwa akipigilia kitambaa cha kochi la watu wawili, misumari midogo imemjaa mdomoni. Alipomwona alitabasamu na misumari yake.

"Fundi, ulijua?"

Akaitema kiganjani. "Nilijua nini, mpenzi?"

"Kwamba shahidi wa pili wa wosia wa baba yako ni mimi. Ulijua, ukanivizia barabarani?"

"Wewe?" Alikaa chini. Alisimuliwa yote, na kadiri alivyosikia ndivyo uso ulivyozidi kukauka. "Unafikiri nilikugonga makusudi?"

"Nauliza tu."

"Huulizi. Umeshahukumu."

"Haya, niambie nikasimame nikaseme nini."

Hapa ndipo Fundi alipotakiwa kusema neno la kiume. Sitamsafisha. Aliitazama meza ndefu, akaitazama nyundo ya baba yake, moyo ukamponyoka. "Sema ulikuwepo. Neno moja tu, mpenzi wangu. Baba ndivyo alivyotaka."

"Kumbe unayoipenda ni sahihi yangu," alisema Bi Kiti, akageuka na visigino vyake.

Wote wawili walikuwa na kiburi, na kiburi kikiwa cha watu wawili, simu huumia. Fundi alimpigia, Bi Kiti akaitazama inalia mpaka ikanyamaza. Bi Kiti alipopiga, Fundi naye akajifanya ana kazi. Kwenye simu Bi Kiti alikuwa amemwandika "Fundi wangu". Alifuta "wangu", akairudisha, akaifuta tena, kisha akalia kwa hasira ya kujiona analia.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa. Dada Mkubwa alikaa benchi la mbele, gauni jeusi, mkoba mapajani, mgongo wima. Fundi alivaa suti ya baba yake, iliyompwaya mabegani. Bosi alikuwa nyuma, anajipepea na gazeti. Bi Kiti, karibu na mlango, alikuwa ameshapiga moyo konde kusema kweli, na alijua kweli hiyo itamwondolea Fundi karakana.

Kabla hajaitwa alimwona Fundi akimnong'oneza wakili wake. Wakili akatikisa kichwa kukataa. Fundi akarudia, safari hii kidole kikigonga meza. Wakili akasimama.

"Mheshimiwa, mteja wangu ameniagiza nisimwite shahidi wa pili. Anauondoa wosia."

Minong'ono ikapanda. "Si nilisema!" Dada Mkubwa aliruka. "Ameghushi! Sasa anakimbia!"

Bosi alishusha pumzi, akajifuta jasho. Mlango ulikuwa wazi hatua chache kutoka kwa Bi Kiti. Angeweza kutoka na kazi yake na heshima yake, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama Fundi, naye Fundi anatazama viatu vyake. Hapo akaelewa. Yule mtu alikuwa ameitupa karakana, pamoja na jina lake jema, ili yeye asilazimike kusema uongo wala kuaibika.

Akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, naomba kusema."

Jaji alimtazama juu ya miwani. "Hujaitwa, bibi. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ile sahihi ya pili."

Mawakili wa pande zote hawakupinga, wakamwapisha. Nyuma Bosi alianza kukohoa kikohozi kisichoisha.

"Sikuwepo hospitali," Bi Kiti alisema. "Karatasi aliniletea mkubwa wangu mezani, ina sahihi mbili tayari, ya mzee na yake. Nikatia yangu, na sikuwa nimeona kitu. Kosa hilo nimelifanya mimi kwa mkono wangu. Lakini huyu kijana hakuwahi kukanyaga pale ofisini. Nilikuwa simjui, wala yeye hanijui. Anayesema ameghushi anamwonea."

"Unajua maneno haya yanaweza kukuletea nini?"

"Najua, mheshimiwa. Kiti changu kazini nimeshakiaga."

Nimeona watu wakishinda kesi wakitoka wameinamisha vichwa. Bi Kiti alishuka kizimbani ameshindwa kila kitu, na alitembea kama ile asubuhi ya kiti. Watu wakampisha.

Nje barazani Dada Mkubwa alimzuia. "Ungenyamaza ungebaki na kazi yako."

"Na yeye angebaki na jina la mwizi, dada."

Dada Mkubwa alifungua mkoba, akaufunga, hakutoa kitu. "Miezi yote hii nilitaka mtu mmoja tu aniambie kweli," alisema, akaondoka haraka, na mabega yake yanatikisika.

Fundi alikuwa kwenye nguzo ya pili, amesimama na suti yake pana.

"Nilikuwa nimekufungulia njia. Mbona hukwenda zako?"

"Ungeniambia basi! Simu unayo."

"Simu yangu ulikuwa hupokei." Akasogea. "Siku ile nilikukosea. Nilikuomba kitu ambacho hata dada yangu nisingethubutu kumwomba."

"Na mimi nilikudhania vibaya. Nisamehe."

"Asubuhi ile sikujua lolote, naapa. Nilijua tu kwamba nimegongwa." Wote wakacheka, machozi yakiwalenga. "Karakana itagawanywa. Mimi sasa ni mtu wa nusu karakana. Utanikubali?"

"Karakana, nusu inatosha. Wewe nakutaka mzima."

Wosia ulianguka, na watoto wakagawana sawa. Dada Mkubwa hakurudisha sehemu yake, na kwa nini airudishe? Alijenga ukuta katikati akafungua duka la mapazia, na Fundi akaikata kwa msumeno ile meza ndefu ili ienee upande wake. Bosi alibaki kujibu maswali ya jaji. Bi Kiti alipewa onyo kali, akafukuzwa kazi, akafungua kibanda chake cha kuchapa nyaraka, na mteja akimwambia "saini tu, dada," humwonyesha mlango.

Siku ya ndoa, ofisi ya msajili ilikuwa na foleni. Bi Kiti alivaa gauni la manjano lililomkaa utadhani alizaliwa nalo, na Fundi suti ile ile, safari hii imepunguzwa mabega. Shahidi wa kwanza alikuwa yule wakili kijana. Wa pili, Dada Mkubwa, aliyepokea mwaliko bila kusema atakuja au hatakuja, alikaa pembeni na mkoba wake mapajani.

Karani wa msajili alikuwa na haraka. Akaisukuma fomu upande wa Dada Mkubwa. "Mama, we saini kabisa hapa. Maharusi watamalizia, watu wanangoja."

Bi Kiti akaifunika fomu kwa kiganja.

"Hapana, kaka. Sisi kwanza." Akageuka. "Wifi, tafadhali sogea hapa. Usimame karibu, uone."

Dada Mkubwa aliinuka. Alivaa miwani, akainama mezani mpaka bega lake likagusana na la mdogo wake. Akamwona akitia sahihi. Akamwona na bibi harusi akitia yake, taratibu, herufi kwa herufi.

"Umeona, wifi?"

"Nimeona, mke wa mdogo wangu," alisema. "Nimeona kwa macho yangu mawili."

Akachukua kalamu, akasaini.