Kipanya Kilichomponyoka Fundi

Ndugu zangu wenye nyumba na wenye kuishi na watu, nipeni sikio niwasimulie habari ya bwana mmoja mchora ramani za majengo. Huyu hakuwa mlevi. Hakumwinulia mkewe mkono hata siku moja, na watoto wake walilala wameshiba. Kwa hiyo usikae ukidhani hadithi hii inamhusu yule jirani yako mkorofi. Huenda inakuhusu wewe uliyetulia.

Kazini walimwita Kipimo, na jina lilimkaa. Hakuweza kupita mlangoni bila kuukadiria upana wake kwa jicho, wala kukaa kwenye kiti bila kukitikisa kwanza. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, wakubwa kwa wadogo. Mashine yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni, na nyuma yake zilining'inia nguo za wateja.

Jumamosi moja alasiri nyumba ilikuwa imetulia vizuri. Redio ilikuwa chini, watoto walikuwa nje wakiruka kamba, na cherehani inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Kipimo alikuwa mezani na kompyuta yake. Mara mkasi ukaanguka sakafuni, kwaa!

"Mkono umekufa ganzi tena, Baba Watoto," alisema Fundi. "Vidole hivi vitatu ni kama vya mtu mwingine."

"Umeukalia vibaya. Ukung'ute kidogo, damu itatembea."

Hakuinua macho. Fundi aliukung'uta mkono wake wa kulia, akauokota mkasi kwa wa kushoto, akaendelea na kazi.

Mnataka kujua bwana alikuwa anatazama nini? Alikuwa anatafuta kipanya cha kompyuta. Ofisi ilikuwa imembadilishia kazi. Zamani alichora akiwa amekaa mahali pamoja, sasa alitakiwa kwenda huku na huku, leo shule inayoongezwa madarasa, kesho zahanati inayojengewa wodi, na kuchora papo hapo. Kipanya chake cha zamani kilikuwa kikubwa kama kobe, na waya wake ulijisokota na kila kitu ndani ya begi. Safari ya kwanza alikiacha nyumbani, akachora kwa kusugua kidole kwenye kompyuta yenyewe, akarudi kiganja kinamuuma. Maumivu yaliisha kabla hajamaliza chai. Woga ndio uliobaki.

"Mtu wa kazi yangu akiharibikiwa mkono, ameisha," alimwambia mkewe. "Nahitaji kipanya kidogo, kisicho na waya, cha safarini na cha ofisini."

Fundi alicheka. "Panya wa nyumba hii tumewafukuza kwa jasho, leo wewe unakwenda kumleta mwingine kwa hiari yako!"

Wakacheka wote wawili. Na kusema kweli, mpaka hapo bwana hakuwa na kosa. Kifaa cha kazi lazima kichaguliwe kwa akili.

Lakini Kipimo alizama. Kila alipotoka kazini alipitia madukani, akashika hiki, akabofya kile, hadi wauzaji wakaanza kukonyezana. Kimoja kilikuwa chembamba mno, vidole vilijikunja kama vya mtu anayeminya kunguni. Kingine kilibofya kwa kelele, angeaibika nacho kwenye chumba cha wagonjwa wanaosubiri. Cha tatu kilikuwa na kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, kidogo kama jino la mtoto, nacho alijua kitapotea safari ya kwanza. Cha nne kilichajiwa tumboni, kwa hiyo wakati wa chaji kililala chali, hakifanyi kazi yoyote. Vingine viligoma kwenye meza ya kioo.

Siku moja alichukua mche wa sabuni, akauchonga kwa kisu mpaka ukapata umbo na ukubwa wa kipanya alichokiona mtandaoni, kisha akakaa ameukumbatia kiganjani ili aone kama mkono utachoka. Fundi alisimama mbele yake akiwa na beseni la nguo.

"Baba Watoto, sasa hata kifungo cha nguo sikishiki. Usiku mkono unaniamsha kwa kuchoma. Jumatatu unipeleke hospitali."

"Tutakwenda. Ngoja kwanza nimalize hili jambo, nina safari."

"Na sabuni je? Nifulie nini?"

"Ipo nyingine kabatini."

Fundi akaenda kabatini. Jumatatu Kipimo alisafiri. Jumatatu iliyofuata alikuwa dukani, akinunua ukanda mweusi wa kufunga kiganja, maana mtu mmoja mtandaoni alisema ni kinga nzuri. Ukanda huo akauvaa kutwa. Watu walipomwuliza ameumia nini, alijibu kwa sauti ya mgonjwa, "Aa, kazi hizi."

Hatimaye akakipata. Kilikuwa cha kijivu, mviringo, kimejaa kiganjani bila kukibana, kinabofya kimyakimya, kinaunganika na kompyuta bila kuchomeka kitu, na kinateleza kwenye kioo kama kwenye mbao. Aliingia nacho nyumbani kama aliyeshika kifaranga. Shemeji yake, dada mkubwa wa Fundi, alikuwa amekuja kuwatembelea.

"Fundi, hebu kishike," alisema Kipimo. "Wewe una mkono wa kazi. Niambie kinavyokaa."

"Kiweke mezani, nitakiona."

"Kishike bwana, hakiumi!"

Fundi akanyoosha mkono wa kulia. Kipanya kilikaa kiganjani kidogo tu, kisha kikaponyoka, kikagonga ukingo wa cherehani na kutua sakafuni. Kifuniko kikaruka, gurudumu la juu likabingirika chini ya kochi.

"Ala! Huna mkono wewe?"

Alilisema kwa sauti kubwa, mbele ya shemeji yake, mbele ya watoto waliokuwa wameingia kunywa maji. Fundi alipiga magoti, akapapasa chini ya kochi kwa mkono wa kushoto mpaka akalipata gurudumu, akaliweka mezani taratibu na kurudi kwenye mashine yake. Shemeji aliangalia dirishani.

Kipimo alikirudisha kifaa dukani, akapewa kingine, akasafiri. Njiani akasahau kabisa alichosema. Kusahau kwa msemaji ni rahisi.

Alikuwa kwenye zahanati moja, akipima ukuta, simu ilipolia.

"Shemeji," sauti ilisema bila salamu, "mkeo amejishona."

"Amejishona vipi?"

"Sindano imepita kwenye kidole cha shahada. Hakuhisi. Ameendelea kushona mpaka alipoona damu kwenye gauni jeupe la mteja. Nasema hakuhisi, unanielewa? Niko naye hospitali. Kama kazi yako ina ruhusa, njoo."

Akaja. Alifika kwa daktari akiwa na vumbi la safari, begi begani. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Kidole kilikuwa kimeshafungwa bandeji. Kilichomshughulisha yeye kilikuwa mkono mzima.

"Ganzi hii imeanza lini?" aliuliza.

Kipimo akawahi kujibu, kama mwenye nyumba. "Wiki moja hivi, daktari. Labda mbili."

Fundi alisema chini chini, "Tangu kabla watoto hawajafunga shule muhula uliopita."

Daktari hakumtazama bwana. Aliigeuza mikono yote miwili ya Fundi juu ya meza, viganja juu, akaviweka sambamba. "Baba, tazama hapa chini ya kidole gumba. Huu wa kushoto umejaa. Huu wa kulia umebonyea. Hapa palikuwa na msuli. Mshipa wa fahamu umebanwa kifundoni kwa muda mrefu, msuli ukakosa amri, ukanywea. Hali kama hii haiji kwa siku moja. Nyumbani anaishi na nani?"

"Na mimi."

"Hukuuona?"

Hakuuona. Angeweza kumtajia daktari upana wa kiganja chake mwenyewe. Angemweleza vipanya vyote vya mjini na tumbo la kila kimoja. Mkono uliompakulia chakula kila siku hakuwahi kuugeuza.

Daktari akaona ule ukanda mweusi. "Na wewe, mkono wako una nini?"

"Hapana, daktari. Hakuna kitu. Ni... ni kinga tu."

Akaushusha mkono chini ya meza, akajaribu kuuvua ukanda polepole asisikike. Lakini kanda zile za kunata hazijui siri. Ulilia chwaaa, chumba kizima. Shemeji alikohoa. Fundi alitazama viganja vyake vilivyokuwa bado mezani. Kipimo aliukunja ukanda ndani ya ngumi, masikio yakiwaka moto, akatamani daktari amkaripie ili angalau awe na cha kujibu. Daktari aliandika dawa, akapanga siku ya upasuaji, akawaaga kwa upole.

Upasuaji ulikwenda salama. Ule moto wa usiku ukaisha, na vidole vikaanza kuhisi joto na baridi. Ila msuli ulionywea haukurudi wote. Daktari alikuwa amewaambia mapema, wangekuja zamani ungerudi. Fundi aliweza kushika kikombe na kusuka nywele za binti yake, taratibu. Mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa haukushikika tena.

Kwa hiyo vitambaa vya wateja vikarudishwa, na aliyevirudisha alikuwa Kipimo, nyumba kwa nyumba, mzigo begani. Bibi arusi mmoja alikuwa na gauni lililoshonwa nusu. Mama yake alilipokea, akalikunjua, akalipapasa mshono.

"Huyu hana mfano," alisema. "Alikuwa anaumwa tangu zamani?"

"Tangu zamani, mama."

"Na hamkuona?"

Jamani, swali lilikuwa lile lile, na halikuzoeleka hata lilipoulizwa kila nyumba.

Aliporudi, akakaa karibu na mkewe. "Nisamehe. Uliniomba nikupeleke, nikachelewa."

Fundi alikuwa anafinya mpira wa mazoezi. "Kuchelewa kunasameheka. Hata lile neno ulilonitupia mbele ya dada na watoto, nimelisamehe. Ila nitakwambia linaloniuma. Nilianza kuona haya kukwambia naumwa. Nikawa nakuficha, nisije nikawa kero. Mke kuona haya kwa mumewe kwamba anaumwa! Hilo ndilo sijui tutalitoaje."

Kipimo hakuwa na kipimo cha jambo hilo.

Siku hizi ndiye anayefua na kukamua. Anapoanika nguo uani, majirani humsifia. Juzi mmoja alimwita Fundi kwa sauti ya mtaa mzima, "Dada, umepata mume! Wanaume kama huyu wamekwisha!" Kipimo alisimama na shuka linalochuruzika maji, sifa zikimchoma kuliko matusi. Alimtazama mkewe, akingoja. Fundi hakukubali wala hakukana. Alimsalimia jirani, akamwuliza hali ya watoto wake, kisha akaingia ndani.

FUNZO

Ndugu msomaji, hadithi hii haikukatazi kuchagua vizuri kifaa cha kazi yako. Chagua, pima, uliza, rudisha kisichokufaa. Inakukataza kutoa umakini wako wote kwa vitu, ukawapa watu wa nyumbani makombo. Mtu wako akikwambia anaumwa, acha ulichoshika, mtazame, mguse panapouma, nenda naye kwa daktari mapema, kwa maana kuna viungo vinavyonywea kimya na havirudi. Tena chunga neno lako. Anayedhihakiwa kwa ugonjwa wake haponi, anajifunza kuficha. Na ukishakosea, usitarajie aibu iishe siku unayosamehewa. Ibebe, fua nguo, nyamaza watu wanapokusifu, na leo hii kabla hujalala muulize mwenzako anaumwa wapi. Akishajibu, usimwambie angoje.