Mama Hakupiga Magoti

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1959, saa nne na robo asubuhi, manyunyu yakiwa yamefunika mashamba ya maua ya pareto huko Bahati, Rahab alishika kibuyu cha uji mbele ya wageni. Kwa desturi ya ukoo wake, akionja kisha akampa baba yake, uchumba umefungwa. Asipoonja, wageni huondoka na mbuzi wa mahari waliotangulia kuwaleta.

"Onja, mwanangu," alisema baba yake, mzee Ngigi. "Wazee wametoka Lanet kwa miguu, wana njaa."

"Ngojeni kidogo," alidakia Naftaly, mchumba mwenyewe, mwalimu aliyevaa suti ya kijivu na kalamu mbili kifuani. "Nimekuja na zawadi inayopita mbuzi. Kitabu! Kimetoka London juzi."

Moyo wa Rahab uliruka: ni hadithi yake! Hadithi ile aliiandika kwa miaka miwili, vidole vikiwa bado na harufu ya maua aliyochuma. Kemboi, mwenye mashine ya kuchapa karibu na soko la Nakuru, alikuwa tayari kuitoa. Naftaly ndiye aliyemkataza. "Kemboi anachapa kadi za harusi," alimcheka. "Kitabu cha kweli hutoka London." Naye Rahab akamwamini, akampa nakala moja aipeleke, kwa sababu alimpenda.

Alikitazama kitabu. Juu ya jalada paliandikwa: *Kimetungwa na Naftaly Kang'ethe.*

"Jina langu liko wapi?"

"Tunaoana, Rahab. Jina langu si ndilo lako?" alimnong'oneza akitabasamu. "Usiniaibishe mbele ya wazee. Acha niwasomee."

Akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya mimbarini:

"Memsahib, mke wa mzungu mwenye shamba, alipoyamwaga maua ya mwanamke mchumaji matopeni, mchumaji yule alipiga magoti, akambusu mkono, akamshukuru kwa kumfunza adabu."

Wageni walipiga makofi. Wawira, mama yake Rahab, hakupiga. Alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Mwalimu, mwanamke huyo ni nani?"

"Wa kubuni tu, mama."

"Wa kubuni? Maua hayo yalikuwa yangu. Nilimwambia memsahib ayaokote mwenyewe, nikarudi nyumbani bila posho. Shamba zima linajua. Magoti nilipiga lini?"

Mzee mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Sikuandika hivyo, mama," alisema Rahab.

"Hivyo ulivyoandika, London wasingekichapa!" Naftaly alifoka. "Wale wanataka kitabu chenye heshima. Nimekisahihisha, nimekipiga taipu, nimewabembeleza kwa barua. Bila mimi ungekuwa na nini? Makaratasi yanayonuka pareto! Una deni langu, Rahab."

Rahab alikitazama kinywa kile kilichokuwa kikimwita mpenzi, akaona kinyaa, kama mtu aliyeona nzi katika uji aliokwisha kuunywa. Wizi wa jina lake pengine angeulilia, akasamehe. Lakini kumpigisha mama yake magoti mbele ya watu wasiomjua, ili mabwana wa ng'ambo wapendezwe! Mtu wa namna hiyo angelala naye vipi chini ya blanketi moja?

Alikirudisha kibuyu mikononi mwa mama yake. Hakuonja.

"Baba, huyu simtaki. Jumatatu napeleka nakala yangu kwa Kemboi, ichapwe vile nilivyoandika."

"Kwa mchapa kadi?" Naftaly alibeua midomo. "Nani atasoma?"

"Atasomewa mama."

"Na deni langu?"

Mzee Ngigi aliinuka. Alitoka, akalifungua zizi, akarudi akipangusa tope mikononi.

"Mbuzi wako wote wako nje, Mwalimu. Yule mweusi amezaa, mchukue na mtoto wake. Hatuna chako tena katika boma hili."

Naftaly aliondoka kuelekea Lanet, kitabu kikiwa kichwani kumkinga na mvua, akiwaswaga mbuzi wasiomjua. Yule mtoto alikataa kutembea, ikambidi ambebe kifuani, juu ya kalamu zake mbili.