HOT na NOT Katika Sufuria Moja

Wakaaji wa mtaa wetu wa Mangobo, vueni kofia kwanza, maana aibu hii si ya kusikilizwa umefunika kichwa.

Jumapili moja nyumba ya Papa Évariste ilikuwa shwari. Mkewe, Mama Florentine, alichagua maharage. Binti yao Adeline alisuka nywele. Papa aliwahi kumpikia mmisionari Mwingereza kwa muda mfupi, na tangu hapo hakuna kopo lililopita mtaani bila yeye kutafsiri maandishi yake. Siku hiyo alileta gunia la mahindi lenye maandishi ya Kiingereza, alilonunua kwenye mashua iliyotoka Yanonge.

«Papa Adeline, hii maindi iko rouge, nyekundu hivi, sababu gani?» mkewe aliuliza.

«Bon. Soma hapa, mama. HOT FOR FOOD. Hot ni moto. Donc, tutakula ya moto.»

«Na ile rangi?»

«Vitamine.»

Kwa kweli herufi ya kwanza ilimtia shaka: kile kijistari cha katikati kilikuwa kimelala, au kimeinama? Lakini jirani yao Dominique alikuwa anasikiliza, na mwenye Kiingereza hasiti mbele ya jirani.

Walikula mahindi yakitoa mvuke. Matumbo yaliwakata wote, ila Adeline alizidi: alitapika, akatetemeka, mate yakamtoka. Papa alimbeba mbiombio hadi hospitali, Mama Florentine na Dominique wakiwafuata. Njiani kile kijistari kikamrudia machoni. Kilikuwa kimeinama: ni N, si H. NOT. Yaani si chakula: mahindi hayo yalikuwa mbegu za kupanda zilizotiwa dawa ya wadudu.

«Amekula nini?» daktari aliuliza.

Papa alitazama vidole vyake vya miguu. «Iko malaria tu, docteur.»

Daktari akaanza kutayarisha kinini. Mama Florentine hakupaza sauti.

«Papa Adeline, ni wewe unajuaka kusoma. Sema.»

Mkono wa mtoto ulilowa jasho ndani ya mkono wa Papa.

«Maindi ilikuwa na sumu, docteur. Waliandika not. Mimi nilisoma hot.»

Benchi zima la wagonjwa lilisikia, Dominique akiwa mbele. Daktari aliweka kinini chini, akachukua dawa nyingine.

Adeline alipona. Siku hizi vijana wa mtaa humsalimu baba yake kwa adabu kubwa: «Mbote, Papa Hot.» Naye huitikia bila kuinua macho.

FUNZO

Kuchanganya H na N si dhambi. Herufi hizo zimefanana kama mapacha. Dhambi ni ile malaria ya uongo. Usipolijua neno, sema «sijui» ungali jikoni, kabla daktari hajakuuliza.