Shimo Walilolijua Watu Wawili

Phumelele Shezi alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, darubini jichoni, akitia alama kwenye daftari kila mara mbayuwayu wa bluu aliporudi na wadudu mdomoni. Mstari kwa dume, mwenye nyuzi mbili ndefu mkiani. Duara kwa jike. Kiota kilikuwa ndani ya shimo la zamani la muhanga, kimegandishwa kwa tope kwenye dari yake. Makinda watatu. Siku sita zaidi na wangeruka.

Alipofika alama ya kumi na nne, upepo uliamka na ndege wote wawili wakagoma kuingia. Walizunguka juu ya shimo, wakashuka, wakapanda tena.

Akasogeza darubini. Kando ya mdomo wa shimo palikuwa na kijiti kipya kimechomekwa ardhini katikati ya nyasi. Juu yake kilining'inia kitu chembamba kama utando wa buibui, kilichokuwa kimekunjwa na sasa kimefunguliwa na upepo.

Wavu.

Alitambaa hadi pale, akaung'oa pamoja na kijiti chake. Udongo laini ulikuwa na alama za buti za watu wawili. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka kilimani, na kila kichaka kilianza kuonekana kama mtu aliyechutama.

Nani alijua? Kundi lao la watazamaji ndege, ambalo hutumiana kwenye simu kila ndege adimu anayeonekana wilayani, lina sharti moja juu ya viota: aliyekiona anamwambia mtu mmoja tu, awe shahidi wake. Wengine wote wanasubiri mpaka makinda waruke. Shahidi wa Phumelele alikuwa Mfaniseni Mkhize, kijana anayewaongoza wageni kutazama ndege. Jumamosi, keshokutwa, washenga wa Mfaniseni walikuwa wanakuja kwa kina Shezi kumposa.

Akampigia.

— Shimo umemwambia nani?

Zilisikika kwanza sauti za wageni wake, ndipo yake.

— Sijamwambia mtu, MaShezi. Kuna nini?

— Usiniite MaShezi kama mtu aliyeolewa, sijawa mke wako. Jumanne alfajiri gari lako lilikuwa limefichwa kwenye miti ya miwati hapa chini. Shangazi yangu alikuona alipokuwa akienda zahanati. Ulikuwa na nani?

— Peke yangu.

— Ukifanya nini?

— Nitakuambia tukionana.

— Niambie sasa.

— Kwenye simu siwezi.

Akakata. Akaandika ujumbe mara tatu na kuufuta, mara ya nne akautuma: "Waambie washenga wasije Jumamosi."

Jibu lilikuja haraka: "Nimekuelewa. Usikae hapo peke yako. Nakuja."

Alilisoma hadi herufi zikaanza kucheza. Anakuja kumlinda, au anakuja kuchukua wavu wake? Akajisogeza nyuma ya jiwe, akampigia Ma Dladla, nesi mstaafu anayekagua orodha zote ambazo wanakundi huziweka mtandaoni kwa simu. Alimweleza kila kitu, shimo, wavu, gari kwenye miwati, hata washenga, huku akijua kwamba anavunja sharti. Ma Dladla alimwacha amalize. Kijiko kilisikika kikikoroga chai.

— Jumapili ulipokuwa hapo, uliandika orodha?

— Niliandika. Lakini mbayuwayu sikumtaja, Ma. Hata kidogo.

— Ulitaja nini?

— Wa kawaida tu. Njiwa, chozi, kwarara wawili.

— Na simu ikachora njia uliyopita, kama kawaida yake.

Ma Dladla alionja chai, akaendelea.

— Umetoka barabarani, umepanda mteremko, ukakaa sehemu moja saa mbili na dakika arobaini. Kwa ajili ya kwarara, mwanangu? Kwarara wananipigia kelele juu ya paa kila asubuhi na sijawahi kuwapa dakika mbili. Mtu anayejua ndege akiiona orodha ile, hahitaji kuambiwa na mtu.

Ndipo Phumelele alipoelewa. Miaka saba hakuwahi kupitisha siku bila kuandika orodha, na alijivunia hilo. Sasa alikuwa amemficha ndege mmoja, kisha akawachorea watu njia mpaka mlangoni kwake.

— Mbona hukuniambia?

— Mfaniseni ndiye aliyeiona, Jumatatu, akaniomba niiondoe; shimo nililikisia mwenyewe. Nikaiondoa siku ileile, ila ilikuwa imekaa wazi tangu jana yake. Akaniomba usijue. Akasema yeye atalinda alfajiri, wewe uko pale mchana, siku zitapita. Nikamwambia huo ni ujinga. Je, mwanaume akishapenda anasikia?

— Leo pia alikuwepo?

— Aliondoka saa moja, ana wageni. Wewe ulifika saa ngapi?

— Saa mbili na nusu.

Wote wawili walipiga hesabu ileile. Wavu uliwekwa katika mwanya huo. Waliouweka walikuwa wanamwona Mfaniseni akiondoka.

Ma Dladla alisema anawapigia maofisa wa wanyamapori, akakata. Hapo ndipo Phumelele aliposikia sauti ndani ya ukungu. Wanaume wawili, hawana haraka. Mmoja alikohoa. Mwingine aliuliza kijiti kiko wapi, alikiweka hapahapa. Phumelele alikuwa nacho mkononi. Alibana pumzi, shavu kwenye jiwe, akihesabu hatua zikija: saba, nane, tisa.

Honi ya gari ikalia kutoka chini kwenye miwati, ndefu, bila kukatika. Hatua zikasimama. Kisha zikaenda, kwanza taratibu, halafu mbio.

Mfaniseni alipotokea alikuwa anahema, bila kofia, tope hadi magotini. Aliutazama wavu, akamtazama yeye, akakaa chini palepale.

— Wageni umewaacha wapi? Phumelele aliuliza, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

— Kwenye mgahawa wa chai. Nimewaambia gari lina homa.

Alitaka kucheka, yakamtoka machozi.

— Nimeongea na Ma Dladla.

— Aa.

— Kwa nini hukuniambia ni mimi?

— Ungeacha kuandika. Nakujua. Ungelifunga hilo daftari na usingelifungua tena.

— Hilo lilikuwa langu la kuamua.

— Ndiyo. Lilikuwa lako.

— Ukanyamaza kwenye simu, Khabazela. Neno moja tu lingetosha.

Aliposikia anaitwa tena kwa jina la sifa la ukoo wake, Mfaniseni aliinamisha kichwa.

— Ningekuambia ni wewe, na uko peke yako porini umeshika wavu? Niliogopa.

— Na mimi nusu saa nzima nilikuogopa wewe. Sitaki tena. Kuanzia leo ukiogopa unaniambia, tuogope wote.

— Sawa.

— Sema vizuri.

— Nikiogopa nitakuambia, MaShezi. Hata sasa naogopa. Wale wanatujua sura.

Akamshika mkono. Hakusema kwamba yote yatakuwa sawa, maana hakuwa na uhakika.

— Washenga umeshawaambia?

— Nilikuwa naendesha gari.

— Basi usiwaambie. Jumamosi, kwa desturi, wewe huruhusiwi kuonekana kwetu, kwa hiyo alfajiri utakuwa hapa. Mimi nitaitwa mara moja tu, kuulizwa kama nawajua washenga wako wanaopiga kelele getini wafunguliwe.

— Utajibu nini?

— Nitasema nawajua. Halafu nakuja kukupokea zamu.

Ma Dladla akapiga tena. Maofisa wangefika kesho asubuhi, na watu wanne wa kundi wamekubali kulinda kwa zamu mpaka makinda waruke. Phumelele alimwambia aandike kundini kosa ni la nani. Ma Dladla alimjibu kwamba Phumelele ataliandika mwenyewe, akiwa tayari, kwa mkono wake.

Walikata matawi ya miwati kwa panga la kwenye gari na kuyaburuta hadi kwenye njia ya mteremko, wakiyalaza kwa kuyapishanisha ili mtu asipite bila kupiga kelele. Kila baada ya mzigo mmoja walisimama na kusikiliza. Jike alirudi kwanza, akaingia shimoni. Dume akafuata.

Ilipofika jioni nusu ya chini ya njia ilikuwa imezibwa. Juu pamebaki pengo, na panga lilikuwa limeshakuwa butu.

— Mizigo mingapi bado? Phumelele aliuliza.

— Sita. Labda saba.

— Tutaimalizia kesho, Phumelele akasema, akaketi katikati ya pengo kulilinda, uso ukiwa upande wa barabara.