Kilichobisha kwa Sauti ya Cherono

"Mama, mbona jana ulikuja ukabisha, halafu ukaenda bila kuniona?"

Cherono alisimamisha cherehani, simu sikioni. Alikuwa kibandani kwake mjini Kitale, akishona sare za shule, na jana kutwa alikuwa ameshinda hapo hapo. Bungoma hakuwa ameikanyaga tangu alipompeleka bintiye Chepchumba kuanza chuo.

"Mimi sikuja, mwanangu. Labda ni mama ya mwingine."

"Ilikuwa sauti yako. Uliniita Chumba, vile wewe huniita." Binti akacheka kidogo, kisha kicheko kikamfia. "Na koridoni ilibaki harufu ya majivu yamemwagiwa maji."

Cherono alipiga simu chuoni. Mwanamke wa ofisi ya wanafunzi alimjibu kwa upole wa mtu aliyekariri: langoni kuna soja, hosteli ina kamera, wazazi wasiwe na hofu. Jioni ukamjia ujumbe kwenye simu: Mzazi mpendwa, hali chuoni ni shwari. Lakini yeye alikuwa ameuliza ni nani aliyebisha mlango wa mwanawe. Akapiga tena kesho yake. Simu iliita mpaka ikachoka.

Chepchumba naye akaanza kuadimika. Siku moja Cherono alipompata, binti alishangaa: "Si tumeongea sasa hivi tu, mama?" Akakata.

Cherono alifunga kibanda akaenda Bungoma.

Soja wa langoni alimwelekeza ofisini, kwani hostelini mzazi haingii bila kibali. Ofisini akaambiwa mkuu wa wanafunzi yuko mkutanoni. Akaketi kwenye benchi. Mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati, na msichana mmoja mwembamba akaja kusimama karibu naye, akijifanya anajikinga.

"Wewe ni mama ya Chepchumba? Mimi naitwa Nasambu. Nilikuwa nalala na yeye chumba moja, nikahama."

"Ulihama kwa nini?"

Nasambu aliutazama mlango wa ofisi, akashusha sauti. "Iko kitu kwa ile hosteli, mama. Inaita mtu na sauti ya mzazi wake. Mimi iliniita na sauti ya baba, na baba tulimzika nyumbani Matulo, ndio nikajua. Sikufungua. Sasa yeye mama yake yuko hai. Angejuaje?"

"Na wakubwa mliwaambia?"

"Tuliwaambia. Wakasema ati tusishtue wazazi, chuo itaharibika jina."

Cherono hakungoja kibali tena. Nasambu alimpitisha nyuma, penye kamba za nguo, akamwonyesha mlango wa hosteli na kurudi mbio. Stima zilikuwa zimepotea kwa sababu ya mvua, koridoni kukawa na giza ingawa ulikuwa mchana, na kadiri alivyokwenda akipapasa ukuta ndivyo harufu ya majivu mabichi ilivyomjaa puani na kooni, hata alipofika mlangoni kwa bintiye alikuwa akihema kama mtu aliyetoka kuzima moto.

"Chumba. Fungua, mwanangu. Ni mimi, mama."

Kitanda kikalia, na mtoto wake akanong'ona, akisema na mtu aliye mle ndani: "Imekuja tena. Inaongea kama wewe."

Na kule ndani, taratibu, kwa sauti ile ile aliyombembelezea Chepchumba alipougua surua, Cherono alijisikia mwenyewe akijibu: "Usifungue, Chumba. Mama yuko hapa."

Mayowe yake ndiyo yaliyomleta soja. Walivunja kitasa. Chepchumba alikuwa ameketi kitandani peke yake, nywele zimesukwa upya, mistari ya kwenda kisogoni kama Cherono anavyomsuka, na kila mstari una majivu. Akamtazama mamake, kisha akaigeukia kona tupu.

"Mama," akaiuliza, "huyu mwanamke anataka nini?"

Chepchumba alirudishwa Kitale kwa nguvu. Wazee wa kanisa walimwombea hadi sauti zikawakauka. Akaletwa bibi mmoja mganga kutoka miteremko ya Elgon. Alifika uani, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti.

"Kingekuwa kimeingia kwa nguvu, ningekitoa," akasema. "Hiki kilibisha, kikafunguliwa."

Chuo kilituma ujumbe kwamba binti ameahirisha masomo, na kumtakia afya njema.

Afya anayo. Chepchumba anakula, anaoga, ananenepa. Sauti ya mamake tu ndiyo asiyoivumilia. Akiisikia hupiga mayowe hadi apaliwe. Kwa hiyo Cherono haongei tena nyumbani kwake. Humwekea chakula bila neno, kisha huenda kuketi jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, na kutoka chumbani humjia vicheko vya watu wawili: cha bintiye, na cha kwake mwenyewe. Kisha ile sauti humuuliza Chumba kesho angependa kula nini. Mtoto hujibu kwa deko.

Na Cherono, kesho yake, hupika hicho hicho.